Kura za Berlin, Vita vya Mlimani

Risasi za kwanza ambazo Wadachi walizipiga kwenye miteremko ya Kilimanjaro zilikuwa zimelipiwa na hazina ya serikali yao, na kabla ya hazina kulipa, wabunge walipiga kura. Huku kwetu jambo hili halisimuliwi. Tukieleza jinsi ukoloni ulivyoingia tunamtaja Wissmann, tunamtaja Carl Peters, tunamtaja Kapteni Johannes, kana kwamba kila mmoja alifunga safari na bunduki yake mwenyewe begani. Bunduki hizo zilikuwa na fungu katika bajeti. Bajeti ilisomwa bungeni mjini Berlin. Na tangu siku ya kwanza walikuwepo wabunge waliokataa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Kirua Vunjo. Umangi wetu, yaani nchi ya mtawala wetu wa Kichagga, ulikuwa mdogo. Magharibi tumepakana na Old Moshi ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, mashariki tumepakana na Kilema, na ukishaivuka Kilema umefika Marangu kwa Mangi Marealle. Wadachi walipata marafiki na maadui wao wakubwa pande zote mbili za vihamba vyetu, na majeshi yalipotoka upande mmoja kwenda mwingine yalipita karibu na migomba yetu. Nilipokuwa darasani niliwafundisha vijana majina ya majemadari na miaka ya mapigano kama vitabu vilivyotaka. Swali la nani aliyelipa lilinijia polepole, na nilipostaafu nililifuata. Mpwa wangu aliyesoma Ujerumani alinisaidia: yeye alisoma kumbukumbu za majadiliano ya bunge lao, Reichstag, akinitafsiria, nami nikaandika.

Habari yenyewe inaanzia pwani. Agosti 1888, Emil von Zelewski, mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alipandisha bendera ya kampuni Pangani kwa ubabe na dharau, na watu wa mji wakainuka. Bushiri bin Salim akawa kiongozi wao, na baada ya miezi michache kampuni ilibaki na vituo viwili tu vya maana, Bagamoyo na Dar es Salaam. Kampuni ya biashara iliyoshindwa na watu iliodai kuwatawala ilikimbilia serikalini kuomba msaada. Kansela Bismarck alijua kwamba wabunge hawangetoa fedha za kuwaokoa wafanyabiashara. Ikatafutwa sababu nyingine, ikapatikana: biashara ya watumwa.

Miaka hiyo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika. Oktoba 1888 mkutano mkubwa ulifanyika Köln kuunga mkono wito wake. Chama cha Wakatoliki bungeni, Zentrum, chini ya Ludwig Windthorst, kilikuwa kizito kuhusu makoloni hadi hapo, lakini lilipotajwa suala la watumwa kikaunga mkono. Sheria ikatungwa ya kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Kijerumani Afrika Mashariki, na fungu lake lilikuwa marki milioni 2. Mimi ni Mkatoliki, wazazi wangu walibatizwa na mapadre wa mlimani, nami sina shaka kwamba wengi waliopiga kura hiyo waliguswa kweli na mateso ya watumwa. Naamini pia kwamba huruma yao ilitumiwa. Aliyetaka kumfungua mtumwa alijikuta amenunua mizinga ya kuipigia miji ya pwani.

August Bebel alisimama kupinga tarehe 26 Januari 1889. Kwa kazi yake alikuwa fundi wa kukereza mbao, mtoto wa askari wa cheo cha chini aliyeacha familia maskini. Chama chake cha Wasoshalisti kilikuwa kimepigwa marufuku nchini, ila sheria iliwaruhusu kugombea ubunge mmoja mmoja. Walikuwa 11 tu katika bunge la watu 397. Na hii haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1870, vita kati ya Wajerumani na Ufaransa vilipoanza, yeye na mwenzake Wilhelm Liebknecht walikataa kuunga mkono fedha za vita, na miaka miwili baadaye wakahukumiwa kifungo kwa uhaini. Kwa hiyo aliposimama mwaka 1889 alijua gharama ya kusema hapana.

Hoja yake ilikuwa ya wazi. Aliwaambia wenzake kwamba kampuni inataka faida, kwamba kiini cha siasa yote ya makoloni ni kuwanyonya watu wa nchi nyingine hadi tone la mwisho, na kwamba maneno ya dini na ustaarabu yamewekwa mbele ili kuficha hilo. Waliberali wa mrengo wa kushoto kama Ludwig Bamberger nao walipinga, ingawa wao zaidi walihesabu hasara: kwa nini mlipa kodi wa Ujerumani amlipie mfanyabiashara deni lake? Hoja ya Bebel ndiyo iliyonishika. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Pangani alieleza bungeni jambo ambalo watu wa Pangani walikuwa wakilifia siku hizo hizo.

Walishindwa. Tarehe 30 Januari sheria ikapita, na siku chache baadaye ikatiwa saini. Hermann Wissmann akapewa fedha na uhuru wa kufanya atakavyo. Akaajiri Wasudani mjini Cairo, akaongeza askari kutoka Msumbiji, akashuka pwani yetu na kuichukua miji mmoja baada ya mwingine. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Jeshi lililozaliwa na kura hiyo halikurudi nyumbani baada ya pwani kutulizwa. Februari 1891 Wissmann alipanda Kilimanjaro. Mangi Rindi wa Moshi alikwisha kufanya urafiki na Wadachi, naye alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Mangi Sina wa Kibosho. Boma la Sina lilikuwa la mawe, lenye kuta na mahandaki, kazi ya mikono ya Wachagga ambayo hata maofisa wa Kijerumani waliishangaa. Lilishambuliwa kwa bunduki za mtombo na mizinga, likaanguka. Naomba msomaji aiweke tarehe hii kando ya ile ya Januari 1889. Ni miaka miwili tu. Katika kifungu cha sheria ile hapakuwa na neno Kibosho, na sidhani kama katika waliosema ndiyo kulikuwa na wengi waliolijua.

Mwaka huo huo Carl Peters aliletwa kuwa kamishna wa Kilimanjaro. Aliweka kituo chake Marangu, nchi ya Marealle, mwendo mfupi tu kutoka kwetu kwa miguu, na kutoka hapo alipigana na Warombo. Oktoba 1891 alimnyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk. Januari 1892 alimnyonga msichana aliyeitwa Jagodja, ambaye alikuwa amemweka kinyumba, na ambaye alikuwa amemtoroka, akakamatwa, akapigwa viboko. Peters alijitetea kwamba mmoja alikuwa mwizi na mwingine alikuwa katika njama. Wazungu waliokuwa naye kituoni walisema chini chini kwamba yote mawili yalitokana na wivu. Juni 1892, Peters akiwa amekwisha kuondoka kituoni, Ofisa von Bülow aliongoza kikosi dhidi ya Mangi Meli, mrithi wa Rindi, akapigwa. Bülow alikufa, na Wadachi wakaukimbia mlima kwa muda. Agosti 1893 Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa, akamshinda Meli.

Habari za Marangu zilifika Berlin, wizara ikaziweka kabatini. Zingebaki humo. Lakini kila mwaka serikali ililazimika kurudi bungeni kuomba fedha za koloni na za jeshi lake, na kila iliporudi ilibidi isikilize. Machi 1896, wakati wa mjadala wa bajeti hiyo, Bebel alisimama na kuwasomea wabunge mambo ya Peters. Akawaeleza habari za Mabruk na Jagodja, na kitanzi cha Marangu. Ukumbi ulichafuka. Wabunge wa Zentrum walishtuka, waliberali walishtuka, na hata waliokuwa wakiimba sifa za Peters waliinamisha vichwa.

Lazima niseme na upungufu wa hotuba hiyo. Bebel alizungumzia barua ambayo inasemekana Peters alimwandikia Askofu Tucker wa Uganda akikiri mambo, na barua hiyo haikupatikana kamwe. Watetezi wa Peters waliidaka hoja hiyo na kuipigia kelele kwa miaka mingi. Hata hivyo watu wawili walionyongwa walikuwa wamenyongwa, na hilo Peters mwenyewe hakulikana. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza kazi ya serikali.

Huwa narudi tena na tena kwenye mjadala huo, kwa sababu naona ndani yake uzito wa kura ya hapana hata pale inaposhindwa. Bebel hakuwa na wingi wa kura wa kuzuia bajeti. Wabunge wa chama chake walikuwa wamefika 44, bado ni wachache. Alichokuwa nacho ni haki ya kuuliza kabla fedha haijatoka. Bila ombi la fedha hapana mjadala, na bila mjadala msichana yule wa Kilimanjaro angezikwa na jina lake. Leo tunamjua kwa jina kwa sababu mbunge wa upinzani, maelfu ya maili kutoka hapa, alikataa kuidhinisha fedha za koloni bila kwanza kumtaja yeye aliyenyongwa.

Upande wa pili wa shilingi ni mchungu, na ulituangukia sisi. Wabunge walipoendelea kunung'unikia gharama za koloni, serikali ilitafuta namna ya kuwafanya Waafrika walipie utawala wenyewe. Fedha ya vita ni kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani: ukiziba mlango mmoja yatatafuta kihamba kingine. Gavana Liebert alitangaza kodi ya nyumba mwishoni mwa 1897, na kuanzia Aprili 1898 ikaanza kutozwa, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa kazi. Huku mlimani, mahali ambapo mtu alipata mahitaji yake kwa ndizi, ulezi, mbuzi na soko la kina mama, rupia ilipatikana kwa kumfanyia kazi Mzungu, au haikupatikana. Wanaume walijenga boma na barabara. Yaani askari ambao Bebel alikataa kuwalipia kutoka Berlin walianza kulipwa na babu zetu.

Na wakati huo hapakuwa na mtu wa Kirua, wala wa Moshi, wala wa Marangu aliyeulizwa. Tarehe 2 Machi 1900 Kapteni Johannes aliwanyonga Old Moshi watu 19, miongoni mwao Mangi Meli na Mangi Molelia wa Kibosho, kwa tuhuma za kupanga uasi. Wengine walitoka Siha, Meru na Arusha. Familia kadhaa zinaamini kwamba vichwa vya wazee wao vilipelekwa Ujerumani, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin vilioanisha mabaki fulani ya makumbusho na jamaa walio hai huku kwetu. Kichwa cha Meli bado kinatafutwa.

Mara moja kura ya hapana ilishinda. Desemba 1906 serikali iliomba nyongeza ya marki milioni 29 kwa vita vya Namibia, vita vilivyokuwa vimewaangamiza Waherero na Wanama tangu 1904 na ambavyo hatimaye vilimeza karibu marki milioni 600. Kusini mwa nchi yetu Maji Maji ilikuwa haijamalizika, na jeshi lilikuwa likichoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ya risasi. Safari hii Zentrum iliungana na Wasoshalisti. Mbunge wake kijana, Matthias Erzberger, alikuwa amefukua kashfa nyingi za makoloni. Tarehe 13 Desemba nyongeza ilikataliwa kwa tofauti ndogo ya kura.

Kansela Bülow, si yule ofisa aliyekufa mlimani, alivunja bunge siku hiyo hiyo. Uchaguzi wa Januari 1907 uliendeshwa kwa kelele za uzalendo. Waliopinga waliitwa wasaliti wa askari walioko vitani. Wasoshalisti, waliokuwa na viti 81, walirudi na 43. Fedha zilipita. Na Bebel mwenyewe, siku kumi na mbili kabla ya kura hiyo, alikuwa amesema bungeni kwamba kwenda kwa mataifa mengine kama rafiki na mwalimu kunaweza kuwa jambo jema. Mzee alikuwa amelegea kuliko alivyokuwa mwaka 1889. Nasikitika kuliandika hilo, lakini limo katika kumbukumbu.

Reli ya Usambara ilifika Moshi mwaka 1911, nayo ililipiwa kwa kura za bunge lile lile. Vita vikuu vilipoanza Agosti 1914, reli hiyo ikawa ya kijeshi. Kamanda wa jeshi la Wadachi, Lettow-Vorbeck, aliweka kambi yake Moshi, akaiteka Taveta, na Novemba alipakia vikosi vyake kwenye mabehewa kwenda kuwazuia Waingereza Tanga. Berlin, Wasoshalisti karibu wote walikuwa wamekwisha kupiga kura ya ndiyo kwa fedha za vita tarehe 4 Agosti. Bebel alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Tarehe 2 Desemba 1914 kura ilipoitishwa tena, mbunge mmoja peke yake alisema hapana: Karl Liebknecht, mtoto wa Wilhelm yule wa mwaka 1870. Mwaka mmoja baadaye waliosema hapana katika chama chake, pamoja naye, walikuwa wamefika 20.

Kufikia hapo kura za Berlin hazikuwa na maana tena kwa Kilimanjaro. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga bahari. Utawala wa Gavana Schnee ulichapisha noti za muda humu humu nchini, na kwa noti hizo ulichukua ng'ombe, ulezi na nguvu za watu. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalivunja ngome za Latema na Reata karibu na Taveta, yakaingia Moshi, na tarehe 21 yakapigana Kahe, tambarare iliyo chini yetu. Kahe Wadachi walikuwa na mzinga mmoja uliotolewa kwenye meli ya Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji. Babu yangu mzaa mama alikuwa kijana wa kubeba mizigo. Alituambia kwamba mlio wa mzinga huo uliwafanya watoto wa Kirua waingie ndani ya migomba na kukaa kimya siku nzima. Aliwabebea Wadachi, kisha Waingereza walipokuja akawabebea Waingereza. Noti alizolipwa na wa kwanza zilibaki karatasi.

Msomaji asije akanielewa kwamba kila fedha ya vita ni haramu. Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu kijana. Idi Amin alivamia Kagera Oktoba, akatangaza kwamba nchi ya watu wetu ni yake, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Huku Kirua watu walipeleka mahindi na maharage ofisi ya kijiji, wenye magari waliyatoa, nasi wafanyakazi tulikatwa mishahara. Nilitoa kwa moyo mweupe na ningetoa tena. Vita ile ilikuwa imeletwa mlangoni kwetu. Lakini tulikuwa na bunge la chama kimoja, na gharama zake, kutoka mafuta hadi sabuni, tulizihisi kwa miaka mingi baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 bila kupata nafasi ya kuulizia hesabu yake neno kwa neno. Katiba yetu sasa, ibara ya 44, inamtaka Rais akitangaza hali ya vita ampelekee Spika nakala, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kuamua kama linaunga mkono. Natamani kila mbunge wa Vunjo aijue ibara hiyo kwa moyo, na ajue pia kwamba ruhusa ya kuunga mkono haina thamani pasipo ruhusa ya kukataa.

Kuhusu Peters, Mfalme wa Ujerumani alimrudishia cheo chake mwaka 1905 na pensheni mwaka 1914. Hitler alimsafisha kabisa mwaka 1937, na miaka miwili baadaye barabara ya mtaa wa Wedding, Berlin, ikapewa jina lake. Jina hilo lilidumu. Mwaka 1986, watu walipoanza kulalamika, ilitangazwa kwamba barabara inamkumbuka Peters mwingine, Hans, na vibao vikabaki vile vile. Wajerumani weusi na Waafrika wanaoishi mjini humo waliendelea kudai, na Aprili 2018 madiwani wa wilaya ya Mitte walipiga kura kuliondoa. Kesi za wapinzani zilichukua miaka. Agosti 2024 vibao vipya viliwekwa: sehemu moja ya barabara inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke Mherero aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na sehemu nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee. Marangu, mahali alipokuwa na kituo chake, bado sijaona kibao chenye jina la Jagodja.